Machipukizi ya Tunguu Usilolipanda: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Ncha nene za kijani zikitoboa udongo mahali ambapo hukupanda kitu, mkono hukimbilia jembe. Uzuie kwanza. Mimea ya tunguu, yaani ile inayoota kutoka kwenye bonge la chakula lililoko chini ya udongo, huharibiwa zaidi katika wiki hizo za mwanzo, mwenye bustani akiwa bado hajui anachokitazama: anaing'oa akidhani ni magugu, anaikata majani, anaimwagia maji kupita kiasi, au anaihamisha wakati ndio kwanza imeanza kutumia akiba yake. Mara nyingi kazi yako ni kungoja na kutazama tu. Ila yapo magugu mawili yasiyostahili subira hata kidogo, na hayo ndiyo ya kuondolea shaka kabla ya jambo jingine lolote.

Machipukizi membamba, mengi, na yanarudi kila yanapong'olewa

Mshukiwa wa kwanza ni ndago. Shika shina lake karibu na udongo, ulizungushe kati ya vidole viwili: lina pembe tatu, na kona zake utazihisi. Nyasi za kawaida zina shina la duara au bapa, na hakuna ua la tunguu linalopandwa sana lenye shina la pembe tatu lililojaa namna hiyo (kitunguu pori kimoja kinalo, lakini harufu yake humtangaza mapema). Chini ya ndago kuna viazi vidogo vya rangi ya kahawia iliyokolea, vimeunganishwa kwa nyuzi ngumu. Ukivuta juu, mmea hukatika, kiazi hubaki, na vilivyokuwa vimelala jirani yake huamka.

Fukua kwa uma wa bustani, ufuate nyuzi hadi zinapoishia, na usitupe viazi hivyo kwenye lundo la mboji. Eneo likiwa kubwa mno kufukuliwa, ondoa kila chipukizi kabla halijafikisha majani matano au sita, kwa sababu mpaka hapo huwa halijaunda viazi vipya. Rudia, tena rudia, hadi akiba iliyoko chini iishe. Mashine ya kulimia haifai hapa: hukata nyuzi na kutawanya viazi bustani nzima.

Mshukiwa wa pili ni oksalisi wa aina za magugu. Ana vijani vitatu vyenye umbo la moyo ambavyo hujikunja usiku, na chini yake kuna tunguu dogo lililozungukwa na vitoto vingi vinavyobanduka kwa kuguswa tu. Mchimbe pamoja na bonge zima la udongo kabla hajachanua, na bonge hilo lisirudi bustanini. Ukimtikisa ili kuokoa udongo, umempanda upya.

Kama chipukizi lako si mojawapo kati ya hayo mawili, weka jembe chini.

Sijui hata ni mmea gani

Majani machanga ya tunguu hufanana sana, kwa hiyo anza na kilichoko chini. Chimba pembeni kidogo kwa kijiko au kijiti, si juu ya chipukizi lenyewe, ukisogeza udongo taratibu hadi uone linapotokea. Tazama, kisha rudisha udongo.

Ukikuta umbo la duara lenye shingo, ngozi kavu nje na kitako bapa kinachotoa mizizi, hilo ni tunguu la tabaka: narisisi, tulipu, hiasinti, amarilisi, jamii ya kitunguu. Tunguu la yungiyungi (lile la nchi kavu, si la majini) pia ni la tabaka, lakini halina ngozi; magamba yake yameachana na yanavunjika kirahisi. Ukikuta kitu bapa, kigumu, kimefunikwa na ganda lenye nyuzi, na tunguu kuukuu lililosinyaa limebaki chini yake, hiyo ni gladiola, krokasi au frisia. Kiazi kisicho na ngozi wala kitako, chenye macho ya kuchipua, ni cha dalia au kaladiamu. Shina nene linalotambaa likitoa machipukizi kila baada ya pingili ni la kana au airisi. Usilikate tunguu ili kuona ndani isipokuwa unayo mengi na uko tayari kupoteza moja.

Sasa rudi kwenye majani. Narisisi hutoa majani bapa, marefu, ya kijani cha bluu, yenye ncha butu, na ukiyakata hutoa utomvu wa utelezi. Tulipu ambayo haitachanua mwaka huo hutoa jani moja tu, pana, la kijivu-kijani. Yenye ua huwa na majani mawili au zaidi. Jani la krokasi ni jembamba na lina mstari mweupe katikati, alama ambayo ukishaijua huikosei tena. Gladiola hutoa majani magumu yaliyopangana kama upepeo wa mkono, yote katika bapa moja. Yungiyungi hutoa shina moja lililosimama, majani yamelizunguka tangu chini hadi juu. Krinamu hutoa majani mapana na marefu, mara nyingi yenye kingo za mawimbi, kutoka kwenye shingo ndefu na nene. Majani membamba kama nyasi lakini manene kidogo na laini, yaliyoibuka siku chache baada ya mvua kubwa ya kwanza, huenda ni zefiranthesi, ambaye maua yake hufuata mvua kwa haraka ya kushangaza.

Kuna mimea inayochanua kabla ya kuota jani hata moja. Shina tupu lenye maua makubwa ya tarumbeta laweza kuwa la amarilisi wa chunguni, yaani hipeastramu, au la ndugu yake beladona. Likate shina hilo ua likishanyauka: la hipeastramu lina uwazi ndani, la beladona limejaa.

Kama bado una shaka, chomeka kijiti kando yake, piga picha kila wiki, na ungoje ua. Hakuna kitambulisho kinacholizidi.

Linanukia kitunguu. Je, linalika?

Hapana, mpaka ulitambue kwa njia nyingine pia. Ni kweli kwamba jamii ya kitunguu hutoa harufu yake jani linapopondwa, na kwamba narisisi, hiasinti na amarilisi hazina harufu hiyo. Lakini vidole vilivyoshika kitunguu jikoni asubuhi vitanukia kitunguu jioni bustanini, na mimea miwili yaweza kuota imechanganyika. Matunguu ya narisisi yana sumu iitwayo likorini na yamewatapisha watu wengi walioyapika wakidhani ni vitunguu. Kolchikamu, anayefanana na krokasi, na mkalamu, ule unaopanda kwa ncha za majani na kutoa maua mekundu na njano yenye kingo za mawimbi, wote wawili wana kolchisini, sumu inayoua. Mkalamu unahitaji tahadhari ya pekee kwa sababu viazi vyake virefu vyeupe vinafanana na viazi vingine vinavyoliwa.

Vaa glavu unapochimbua. Utomvu wa narisisi na vumbi la matunguu ya hiasinti huwasha ngozi. Na kama kuna paka nyumbani, mayungiyungi ya kweli hayana nafasi mahali anapofika: majani, petali, hata chavua anayoilamba kwenye manyoya yake huharibu figo. Akionekana ameyatafuna, apelekwe kwa daktari wa mifugo papo hapo bila kungoja dalili.

Limefikaje hapa?

Jibu la kawaida ni kwamba lilikuwepo. Tunguu laweza kulala chini kwa msimu mzima au zaidi bila kuonyesha kitu, kisha likaamka baada ya kivuli kuondolewa, mti kukatwa, au mvua kulifikia mahali palipokuwa pakavu. Aliyekutangulia katika nyumba hiyo huenda alilipanda na kulisahau.

Njia ya pili ni udongo. Mchanga wa kujazia, mboji ya kununua au kubebwa, na chungu cha ua la zawadi kilichomwagwa nyuma ya nyumba baada ya ua kunyauka, vyote hubeba matunguu na vitoto vyake. Ukiona machipukizi yamepangana katika mstari au duara, kuna mtu aliyeyapanda. Yakiwa yametawanyika ovyo ndani ya eneo ulilojaza udongo mpya, yalikuja na udongo huo. Moja lililojitenga katikati ya nyasi laweza kuwa kazi ya panya au kindi aliyeficha chakula akasahau. Yakizunguka mmea unaoujua kwa umbali wa hatua moja au mbili, ni mbegu zake zilizoanguka, na miche hiyo itachukua miaka kadhaa kabla ya kuchanua.

Watu hushangaa pia kukuta tunguu limeingia kina kirefu kuliko mtu yeyote angelichimbia. Mengi yana mizizi inayojikunja na kufupika, ikilivuta chini mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kina si ushahidi wa mpandaji.

Yamechipua wakati usio wake

Mahali penye majira ya baridi, wiki chache za joto katikati ya baridi huamsha ncha mapema, na mwenye bustani hulala na wasiwasi. Mara nyingi bure. Ua bado limefichwa ndani ya tunguu au chini kabisa kati ya majani, na majani yanavumilia barafu kuliko tunavyodhani. Ncha zikiungua, mmea hurudi. Tandaza matandazo mepesi ya sentimita 5 hivi, yasiyogandamana, na usiyarundike hadi kuzika ncha. Ukiyapa mbolea au maji ya ziada wakati huo unayasukuma yaendelee kukua katika hali mbaya.

Mimea mingine haijakosea kalenda. Muskari hutoa majani yake miezi mingi kabla ya ua, na hiyo ndiyo tabia yake.

Mahali penye kiangazi na masika, chanzo kikuu ni maji. Mvua moja kubwa iliyopotea njia, au bomba linalovuja, huliambia tunguu kwamba msimu umeanza. Zuia uvujaji. Kama majani yamekwisha kutoka, sasa usiyanyime maji: tunguu limeshatumia akiba, na njia pekee ya kuirudisha ni majani hayohayo kufanya kazi yao hadi mwisho.

Majani tele, ua hakuna

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na lina vyanzo vingi vinavyofanana kwa nje. Tafuta lako kwa mpangilio huu.

Je, majani yalikatwa mapema mwaka uliopita? Ua la msimu huu hutengenezwa kwa chakula ambacho majani ya msimu uliopita yaliweka. Narisisi inahitaji angalau wiki sita za majani baada ya ua kunyauka, na ni salama zaidi kungoja yalale yenyewe na kuwa ya njano. Wapo wanaoyafunga mafundo au kuyasuka ili bustani ionekane nadhifu. Jani lililosukwa halipati jua, na unadhifu huo hulipwa kwa ua la mwakani. Kata shina la ua lililonyauka ili nguvu isiende kwenye mbegu, lakini jani liache.

Je, machipukizi yamebanana, yote membamba, yakitoka kama kishungi kimoja? Tunguu mama limezaa, watoto wamezaa, na sasa wanagombania maji na chakula. Ngoja majani yafe, fukua kishungi kizima, tenganisha kwa mkono yale yanayoachana bila kulazimishwa, na panda upya makubwa kwa nafasi ya mara mbili au tatu ya upana wake. Madogo yapeleke pembeni yakakue. Sioni haja ya kuyatupa, ila usitegemee ua kutoka kwao kwa mwaka mmoja au miwili au zaidi.

Je, kuna kivuli? Mti uliokuwa mdogo miaka michache iliyopita sasa huenda unaifunika sehemu hiyo nusu ya siku. Aina nyingi zinataka jua kwa muda wa saa sita kila siku. Majani marefu, laini, yanayolala chini bila kusimama ni ishara ya kivuli kabla hata hujahesabu saa.

Je, unaweka mbolea ya nyasi karibu? Naitrojeni nyingi hutoa majani ya kijani kilichokolea na ua hafifu au hakuna. Mbolea ya tunguu iwe na potasiamu zaidi, itiwe wakati majani yanaanza kutoka na tena baada ya ua, si wakati limelala.

Je, limekaa juu mno? Tunguu lililopandwa karibu na uso wa udongo hupasuka na kuwa vitoto vingi badala ya kunenepa. Kanuni ya jumla ni kulichimbia kina cha mara mbili hadi tatu ya urefu wake. Hipeastramu haifuati kanuni hii: hutaka shingo yake ibaki nje.

Na mwisho, je, ni tulipu au hiasinti, nawe uko mahali pasipo na baridi? Hapo hakuna kosa lako wala dawa ya bustanini. Tulipu inahitaji takriban wiki 12 hadi 16 za baridi, chini ya nyuzi 9 hivi, ili shina la ua lirefuke. Ile iliyochanua vizuri mwaka wa kwanza ilipata baridi hiyo ghalani kabla hujaipata wewe. Mwaka wa pili hutoa jani, wa tatu jani dogo zaidi, kisha hutoweka. Waweza kuyaweka matunguu makavu kwenye jokofu kwa muda huo, mbali na matunda yanayoiva kwa sababu gesi yake huua ua lililo ndani, lakini kwa maoni yangu ni kazi kubwa kuliko raha yake. Hipeastramu, krinamu na zefiranthesi hazidai baridi hiyo.

Majani yanageuka njano

Uliza kwanza ni lini. Wiki kadhaa baada ya ua, yote kwa pamoja, kuanzia ncha kwenda chini: mmea unajiandaa kulala. Punguza maji na uuache.

Yakigeuka kabla ya ua, au kishungi kimoja kikidhoofika wenzake wakinawiri, chimba pembeni ubonyeze tunguu kwa kidole. Likiwa gumu, tatizo huenda ni maji kutuama au mizizi kukauka. Likiwa laini, ling'oe. Uozo wa kahawia unaopanda kutoka kwenye kitako ni wa kuvu aishiye udongoni. Funza mmoja mnene ndani ya narisisi, pamoja na uchafu wa matope, ni mtoto wa nzi wa tunguu, na likipona litatoa vijani vyembamba kama nyasi tu. Ukilikata la narisisi kwa upana ukaona miduara ya kahawia kati ya tabaka, na majani yalikuwa na vinundu vya njano, hiyo ni minyoo isiyoonekana kwa macho. Matunguu hayo yote yaondoke bustanini, yasiingie kwenye mboji, na usipande jamii hiyo hapo kwa miaka kadhaa.

Madoa, michirizi, mashimo

Madoa mekundu kwenye majani na shina la hipeastramu au krinamu, shina likipinda upande wenye doa, ni ugonjwa wa ukungu. Kata sehemu zilizoathirika, mwagilia udongoni badala ya juu ya majani, acha hewa ipite. Michirizi ya fedha kwenye gladiola ni ya vithiripi, wadudu wadogo sana wanaofyonza majani. Michirizi ya njano isiyo na mpangilio, inayofuata urefu wa jani na kurudi kila mwaka, ni virusi. Havina tiba, na vidukari huvisambaza, hivyo ng'oa mmea wote hata kama unaupenda. Mahandaki ndani ya majani manene ya krinamu, yakiwa na viwavi vyeusi vyenye alama za njano au nyeupe, yanataka ukaguzi wa kila siku na mkono usioona kinyaa: viwavi hivyo hushuka hadi kwenye tunguu na kulila.

Jana lilikuwepo, leo halipo

Njia ya ute unaong'aa ni ya koa au konokono. Watafute usiku kwa tochi. Chipukizi lililokatwa safi na kuachwa limelala ni la mnyama anayeonja. Shimo tupu lenye vipande vya ngozi ya tunguu ni la panya au kindi, na hapo wavu wa waya uliozikwa juu ya matunguu hufanya kazi kuliko dawa yoyote ya harufu. Panya huziacha narisisi kwa sababu ya sumu yake, kwa hiyo zikipandwa kuzunguka tulipu hupunguza hasara, ingawa hazizuii kabisa.

Limeota nisipotaka liwe

Kuhamisha kunafaa majani yakishakufa, tunguu likiwa limelala. Tatizo ni kwamba wakati huo hulioni, ndiyo maana kijiti chenye alama kinachomekwa sasa. Kama ujenzi au njia mpya haikuachii muda, chukua bonge pana la udongo, uchimbe chini zaidi ya unavyodhani, lishike kwa udongo wala si kwa majani, na lipande saa hiyohiyo kwa kina kilekile. Usawa wa zamani unaonekana pale rangi nyeupe ya shingo inapogeuka kijani. Mwagilia mara moja vizuri. Majani yataanguka, na msimu unaofuata huenda ukakosa ua.

Yaliyoota katikati ya nyasi za kukatwa ni rahisi zaidi: izungushe sehemu hiyo kwa kamba, mashine ipite nje yake mpaka majani yawe ya njano, kisha ukate vyote pamoja.